Nilivyomwandika Taprandich kuwa Mwanamume

Juzi mliponiandalia chai ya kuniaga, kijana mmoja wa uhasibu alisimama akasema mimi ndiye niliyewasha kompyuta ya kwanza katika idara yetu, na nyote mkapiga makofi. Makofi nimeyapokea, asanteni. Keki pia ilikuwa nzuri, kile kipande kidogo kilichonifikia. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa na koti langu mwilini nikaona haya, kwa sababu hakuna aliyeniuliza niliiambia nini hiyo kompyuta baada ya kuiwasha.

Basi nawaandikia nyinyi mliobaki. Mambo ya kupanda cheo sitayagusa. Yako kwenye faili, na mengine yananikasirisha hadi leo. Ofisi pia sitaitaja. Ilikuwa ya serikali, katika nchi ya majani chai kati ya Kericho na Bomet, na wanaoijua wanaijua.

Mimi asili yangu ni ziwani, lakini nilizaliwa Mogogosiek, ambako baba yangu alikuwa akichochea kuni kwenye boila ya kiwanda cha chai. Kipsigis nilikijua kabla ya kujua kusoma, ingawa wenyewe huniambia kwamba nakiongea kama mtu anayetafuna mua. Nilipoajiriwa niliwekwa chini ya karani mkuu wa mishahara, Mzee Tonui, mtu mfupi, mkimya, wa sweta moja ya kijivu, mvua ije isije. Siku ya kwanza hakunipa kiti. Alinipa leja.

"Adhiambo, beba hii mpaka dirishani, halafu rudi nayo."

Nikabeba. Nikarudi.

"Ni nzito?"

"Ni nzito, Mzee."

"Ndani iko watu. Usiangushe."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa mzaha. Katika leja ile kila mfanyakazi wa idara alikuwa na ukurasa wake: wapishi, madereva, walinzi, maafisa, hata yule mtu wa kufyeka nyasi. Kwa wino aliandika yale serikali ilitaka kujua. Kwa penseli, pembeni, aliandika yale Tonui alitaka kujua: huyu ana ndugu wa jina hilihili kule Soin, msiwachanganye, huyu alibadilisha jina baada ya kutoka jandoni, huyu mama yake ndiye huja kuchukua mshahara mwenyewe akiwa hospitali. Na akiajiriwa mtu aliyeoa au aliyeolewa, Mzee Tonui hakukubali jina la mwenzake kwa mdomo. Alitaka mwenyewe aje na miguu yake, akae kwenye benchi letu la mbao, aweke kidole gumba kwenye wino. Nilimuuliza kwa nini anasumbua watu hivyo.

"Siku moja serikali italipa huyu mtu wakati mwenzake hayuko," akasema. "Nataka nikumbuke sura."

Na alikumbuka, jamani. Nimefanya kazi na watu wa digrii tatu, sijaona kichwa kama kile. Ungemtajia namba ya mshahara, angekwambia mtu ni nani, anatoka wapi, na mke wake alivaa kitambaa cha rangi gani siku ya benchi.

Ni kwenye benchi hilo nilipowaona Taprandich na Chelangat kwa mara ya kwanza. Taprandich alikuwa mpishi katika chuo kimoja cha wakulima kilichokuwa chini yetu, mama wa makamo, mabega mapana, mkono mzito. Alikuwa ameolewa, mume akafa, na hakujaliwa mtoto. Kwa Wakipsigis nyumba ya mwanamke kama huyo haiachwi ianguke. Alitoa ng'ombe, akalipa mahari, akaoa mke. Mke huyo ni Chelangat, na watoto wanaozaliwa na Chelangat ni watoto wa nyumba ya Taprandich, wanarithi shamba lake, wanaitwa kwa jina la marehemu mume wake, na Taprandich ndiye baba yao. Ndoa hiyo huitwa toloch, ule mti wa panda unaosimamishwa kushikilia nyumba iliyoinama. Haina siri wala aibu. Wazee hukaa, ng'ombe huhesabiwa, watu hunywa.

Chelangat alikuwa msichana bado, mwembamba, mtoto wa kwanza mgongoni. Aliweka kidole kwenye wino, akakifuta taratibu kwenye ukingo wa benchi, alama ikabaki hapo miaka. Mzee Tonui hakupepesa jicho. Akaandika kwa wino: Taprandich, mwanamke, mpishi. Mke: Chelangat. Kisha pembeni kwa penseli: toloch. Ikawa imekwisha. Mwisho wa mwezi, mshahara ukatoka kama wa mtu yeyote.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, tukasikia kompyuta zinakuja. Hesabu zote za idara, mishahara, vocha, bajeti, zitaingizwa humo. Wakati huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, kwa hiyo habari hiyo ilipokelewa kama habari ya ugonjwa wa ng'ombe: kila mtu alitaka kujua imefika wilaya gani. Nilichaguliwa mimi kwenda Nairobi kusomea mambo hayo. Barua ilisema ni kwa sababu najua kupiga taipu. Ukweli ni kwamba wanaume wote waliogopa.

Mashine ilikuja kwa lori la serikali, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa imetengewa chumba chake chenye zulia, mapazia na kufuli mpya, wakati sisi watu tulikuwa na dirisha lililovunjika tangu enzi. Mlangoni tukabandika tangazo: VUA VIATU. Vumbi, tuliambiwa, ndilo adui. Kila mtu alivua. Mhasibu wetu mkuu, mtu wa tai na pafyumu, alivua pia, na ndipo tulipojua kwamba soksi zake zina matundu. Watu walitoka ofisi nyingine kuja kuangalia tu. Walisimama kwenye zulia wakiwa pekupeku, mikono nyuma, wakiongea kwa sauti ya kanisani.

Nami msinicheke, nilikuwa wa kwanza kusujudu. Siku ya majaribio niliingiza vocha zote za mwezi mmoja, kazi ambayo sisi makarani wanne tuliifanya wiki nzima kwa mashine ya kujumlisha ya kuzungusha mkono, na bado senti kadhaa zikapotea tukalaumiana. Nikabonyeza kitufe. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sikuwahi kukifikisha mdomoni. Jumla ilikuwa pale, herufi za kijani, vifungu vyote vimekaa mahali pake, kila senti. Yawa! Niliweka kikombe chini nikajikuta nalia, mtu mzima, mama wa watoto, nalia mbele ya runinga isiyo na picha.

Mzee Tonui alichukua zile vocha, penseli na mashine yake ya mkono, akajifungia. Siku ya nne alitoka.

"Iko sawa," akasema. "Mpaka senti." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. "Adhiambo, nimeishi kuona maajabu. Lakini uliza hiyo kitu kama inajua sura."

Nilimwona mzee wa watu ameshikwa na wivu. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jambo moja mashine haikuliweza ni mvua yetu. Nyinyi mna betri na jenereta. Sisi tulikuwa na saa. Mnajua mvua ya kwetu, saa nane mchana inakuja kama karani anayewahi kazini, na radi zake, na mvua ya mawe inayochana majani chai. Stima ikikatika katikati ya kazi, asubuhi yote imepotea. Kwa hiyo kazi ya kompyuta ilikuwa ya asubuhi. Ikifika saa saba na nusu lazima uwe umehifadhi kila kitu kwenye disketi, umezima, umechomoa waya ukutani, umefunika mashine kwa kitambaa chake. Mchana tulikunywa chai tukasikiliza mabati.

Ilikuwa ni katika mwendo huo, wa kukimbizana na mawingu, nilipoanza kuhamisha leja ya Mzee Tonui kuingia kwenye mashine, ukurasa kwa ukurasa. Yale ya wino yaliingia. Yale ya penseli hayakuwa na mahali. Fomu iliuliza jina, namba, jinsia, mke au mume, watoto, basi.

Nilimfikia Taprandich saa saba na dakika chache, mawingu yameshakaa juu ya mashamba. Nikaandika jina. Jinsia, mwanamke. Mke, Chelangat. Nikabonyeza. Mashine ikalia bip, ikaniambia kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi mwanamke hawezi kuwa na mke. Nikarudia. Bip. Nikarudia polepole, nikidhani vidole vyangu vimekosea. Bip. Na haikukubali nipite kwa mtu mwingine kabla sijarekebisha. Ningeweza kuacha mahali pa mke wazi, lakini hapo Chelangat angepotea. Nje radi ya kwanza ikapasuka upande wa Bomet.

Nikafuta herufi ya mwanamke, nikaweka ya mwanamume.

Mashine ikanyamaza. Ikampokea Taprandich, mume, na Chelangat, mke, bila neno. Nikahifadhi, nikazima, nikachomoa waya. Nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilijiona nimewasaidia wote wawili. Haikunijia hata kidogo kumpigia simu fundi Nairobi nimwambie programu yako ina kasoro. Nilikuwa nimeiheshimu mashine ile kiasi kwamba niliona ni Taprandich aliyekosea.

Kesho yake Mzee Tonui aliniuliza, "Taprandich umeandika?"

"Nimemwandika, Mzee."

"Na ule mke?"

"Yuko."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Nilimjibu kweli tupu mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa namdanganya.

Mwaka uliofuata alistaafu akaenda zake Sotik kufuga ng'ombe wa maziwa. Haikupita muda ikaja amri kwamba leja za zamani, kwa kuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta, zisirundikane. Tukachimba shimo nyuma ya choo tukazichoma. Mimi mwenyewe nilishika mti wa kugeuzia moto. Nilikuwa nasikia harufu ya karatasi na kusema, heri, nafasi imepatikana.

Kisha Taprandich akafa, kwa kifua, akiwa bado kazini. Chelangat alikuja na barua ya chifu, cheti cha kifo na kitambulisho cha marehemu, kufuata mafao yake. Sasa alikuwa na watoto watatu. Tukatuma karatasi Nairobi kama kawaida. Siku hizo kila idara ilikuwa inawinda wafanyakazi hewa, watu wasiokuwepo wanaolipwa, na hakuna kitu kilichosifiwa kama kompyuta katika uwindaji huo.

Jibu lilirudi haraka kuliko malipo yoyote niliyowahi kuona. Anayelipwa kwa namba hii ni mwanamume. Aliyekufa ni mwanamke. Kwa hiyo mwanamume huyo hayupo na hajawahi kuwepo. Malipo yasimamishwe, jina lake na la anayeitwa mke wake yafutwe, na chifu achunguze nani alikuwa akila mshahara.

Nakala ya barua hiyo ilifika kwa chifu, na kutoka kwa chifu haikuchukua siku mbili kumfikia Weldon. Huyu Weldon alikuwa mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Taprandich, kijana wa viatu vya kung'aa, na alikuwa ameliangalia shamba lile la chai kwa miaka. Taprandich akiwa hai hakuthubutu; mama yule angemchapa mwiko. Sasa akaizungusha barua kila boma. Chelangat hakuwa mke, akasema. Aliletwa kupika na kuchota maji. Hata kompyuta ya serikali imemtafuta humo ndani haikumwona. Akamwambia aondoke na watoto wake mwezi ukiisha, arudi kwao.

Chelangat akaja ofisini peke yake. Alivua viatu mlangoni, ingawa hakuingia. Alisimama tu pale kwenye ukingo wa zulia. Hakulia, na afadhali angelia.

"Madam, wewe ulikuwa hapo siku ya benchi. Uliniona. Kwa nini hiyo mashine inasema sikukuja?"

"Nitaangalia," nikasema.

"Angalia vizuri. Watoto wananiuliza kama baba yao alikuwa mtu."

Mwenzenu sikuwa na cha kuangalia. Leja ilikuwa majivu, na majivu yenyewe mvua ilishayapeleka mtoni. Katika nchi nzima hapakuwa na karatasi ya serikali iliyojua Chelangat ni mke wa nani, ila ile niliyoichoma. Nikisema ukweli, nimejitaja kwamba niliandika uongo katika kumbukumbu za serikali, wakati watu wanafukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilikuwa na karo za watoto wawili. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, kisha Jumamosi nikapanda kwenda Sotik.

Nilimkuta Mzee Tonui anakamua, ndoo katikati ya magoti, sweta ileile. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama. Hakuinua uso mpaka ndoo ikajaa.

"Mimi nitakuja niseme niliandika nini," akasema. "Hiyo ni rahisi. Mimi ni mzee, sina kazi ya kufukuzwa. Lakini mimi nikisema, itakuwa neno la mzee na neno la kompyuta. Nani atashinda?"

"Kompyuta, Mzee."

"Basi."

Akanimiminia maziwa ya moto kwenye kikombe, akaniangalia mpaka nikayamaliza. Hakuniambia nifanye nini. Yule mzee alikuwa na njia mbaya sana ya kukuheshimu.

Wazee waliitwa nyumbani kwa Taprandich, juu kule Konoin, naibu wa chifu akiwa ameketi mbele na daftari. Chai imezunguka boma mpaka mlangoni, imechipua vizuri, unaona mkono wa mtu aliyeipogoa. Chelangat alikaa chini na watoto wake watatu, wamevaa sare za shule ingawa haikuwa siku ya shule, kwa sababu ndizo nguo zao nzuri. Weldon alisimama, akaifungua barua kutoka mfukoni, akaisoma kwa Kiingereza kwanza, halafu akaitafsiri.

"Wazee wangu, mimi sina chuki," akasema. "Kompyuta haina ukoo. Haijui mimi ni nani wala huyu ni nani. Haiwezi kudanganya. Kama ingekuwa ni mtu amesema, ningebisha."

Mzee Tonui akasema yake: benchi, wino, kidole gumba. Wakamsikiliza kwa adabu. Nikaona macho yao yanarudi kwenye ile barua mkononi mwa Weldon.

Nikasimama.

"Chamgei," nikawasalimu, wakaitikia. Nikaendelea kwa Kipsigis changu cha mua. "Jina langu ni Adhiambo. Mimi ndiye ninayeendesha ile kompyuta. Haikumtafuta Chelangat ikamkosa. Mimi niliiambia Taprandich ni mwanamume. Niliiambia uongo, ikaandika uongo, ikawapelekea Nairobi. Ile mashine inajua kile nilichoiambia mimi, haijui zaidi ya hapo."

Mzee mmoja aliyekaa karibu na zizi, ambaye baadaye nilijua ndiye aliyesimamia mahari, akaniita mbele.

"Unasema hiyo kitu inaweza kudanganywa?"

"Ndiyo, Mzee. Hata mtoto anaweza."

"Na haijui kama umeidanganya?"

"Haijui."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wee! Na sisi tulijua! Mimi nilihesabu ng'ombe kwa mkono huu. Huyu hapa alikula, na yule alikula. Sisi wote tunajua huyu mama ni wa nyumba hii. Lakini tukasikia mashine imesema hapana, tukafikiri serikali imeona kitu sisi hatukuona."

Sijawahi kusikia maneno yaliyoniogopesha kama hayo, na nimeyabeba kazini maisha yangu yote. Watu wazima, waliokula nyama ya harusi ile, walikuwa tayari kuyakana macho yao wenyewe kwa sababu ya herufi moja niliyoibonyeza nikikimbia mvua.

Mzee yule akamgeukia Weldon. "Kunja hiyo karatasi, kijana. Na ukitaka shamba, oa, ufanye kazi, ununue lako." Watu wakacheka, na katika kicheko hicho shauri likaisha. Naibu wa chifu akaandika, wazee wakaweka vidole. Chelangat hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na sikuweza kusoma uso wake.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa mhasibu mkuu kabla habari hazijamfikia. Alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, akisema nimeiaibisha kompyuta. Ndivyo alivyosema, nimeiaibisha kompyuta. Mwishowe hakunifukuza, nadhani kwa sababu hakukuwa na mwingine anayejua kuiwasha. Alinipa barua ya onyo, nikaijibu kurasa mbili za kuomba radhi.

Na fundi akaja kutoka Nairobi. Nilitarajia aifungue mashine kwa bisibisi, akae wiki. Alivua viatu, akaketi, akauliza, "Ni hii tu?" Akafungua ukurasa wa maandishi nisiyoyaelewa, akatafuta mstari mmoja, akaufuta. Hata koti hakuvua. Nilisimama nyuma yake nimeduwaa. Familia ya watu wanne ilikuwa karibu kulala barabarani kwa sababu ya mstari mmoja, na mstari huo uliwekwa na mtu fulani mwema, kwenye meza fulani, ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi na mtu kama Taprandich. Nilimwandika upya, mwanamke, mpishi, mke wake Chelangat, watoto watatu. Nikabonyeza nikiwa nimefumba macho. Haikulia. Karatasi zikaenda upya Nairobi, na mafao yakatoka baada ya miezi kadhaa.

Lakini kabla hayajatoka, asubuhi moja Chelangat alikuja tena. Safari hii nilimwambia aingie. Alitembea juu ya zulia taratibu, akasimama mbele ya mashine akaiangalia juu na chini, kama unavyomwangalia mtu aliyekusema vibaya halafu mkakutana sokoni.

"Ni hii?"

"Ni hii."

"Iambie ikuonyeshe mimi."

Nikafungua ukurasa. Herufi za kijani zikatokea. Hakuwa amesoma sana, kwa hiyo nikaweka kidole kwenye kioo nikamsomea: Taprandich, mwanamke. Mke, Chelangat. Nikamsomea watoto, mmoja baada ya mwingine. Akataka nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu aliniondoa mkono akaweka kidole chake mwenyewe, kilekile gumba, na midomo yake ikasogea pamoja na yangu.

"Mashine hii itazeeka?" akauliza.

"Itazeeka. Wataleta nyingine."

"Na hiyo nyingine, itaambiwa na nani?"

"Sijui, Mama. Mtu kama mimi."

Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, "Basi nipe karatasi yangu. Nitakaa nayo mimi."

Kutoa ukurasa wa kumbukumbu za serikali nje ya ofisi kulikatazwa. Katazo lenyewe lilikuwa limebandikwa ukutani, mwandiko wangu. Mhasibu mkuu alikuwa chumba cha pili, na printa zile za zamani zilikuwa na kelele za kusikika mpaka barabarani. Nikaiwasha. Ikakwaruza mstari kwa mstari, Taprandich, Chelangat, watoto watatu, na Chelangat akangoja hadi mwisho, akaichana mwenyewe kwenye vile vitundu vya pembeni, akaikunja mara nne akaitia kifuani.

"Kongoi," akanishukuru, akaenda kuvaa viatu vyake.

Barua ya pili ya onyo niliipata wiki hiyohiyo. Iko kwenye faili yangu mpaka leo, mkitaka kuiona. Hiyo sikuijibu.